Pipa Lina Kibali, Chupa Haina

Ukitaka kujua duka la vifaa vya ujenzi linalouza asidi, usihangaike kusoma rafu. Angalia misumari. Pale Mtwara mjini, na hata Lindi, utakuta stoo ambamo boksi za misumari mipya zimeshika kutu, bawaba zimeota unga wa rangi ya chungwa, na kufuli lililonunuliwa juzi linagomea ufunguo. Mwenye duka atakuambia ni chumvi ya bahari. Bahari ina lake, sikatai, lakini nyundo zilizotundikwa upande wa pili wa duka hilohilo zinang'aa. Kinachokula misumari ni dumu lililosukumwa chini ya rafu, kifuniko kimekazwa nusu, linalotoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki usiku na mchana. Na kijana anayeuza dukani naye anashinda humo, asubuhi hadi jioni.

Aliyesoma kemia hadi kidato cha nne amekutana na asidi hii. Ndiyo ile HCl ya kwenye bureti, ya kutafuta tone moja la kubadili rangi. Ile ya shule ilikuwa imezimuliwa hadi kukaribia maji: kwa kawaida lita moja ilibeba gramu tatu na nusu hivi za asidi. Ya dukani, ikiwa ni ya asilimia 37, lita moja imebeba gramu 440 hivi. Ni zaidi ya mara mia moja. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu tuliopita maabara hatuunganishi vitu hivi viwili. Kile cha darasani tulikiita jaribio, hiki cha dukani tunakiita dawa ya kutoa saruji.

Na kinauzwa hivi:

"Kaka, nipe ile kali ya kusafishia marumaru."

"Chupa unayo?"

"Sina."

"Haya, chukua hiyo hapo."

Hiyo hapo ni chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, karatasi yake ya matangazo bado imebandikwa, mlima na matone ya baridi juu yake. Muuzaji anainamisha dumu, anazuia pumzi, anageuza uso pembeni, anamimina kwa mazoea. Hakuna glavu wala miwani. Chupa inafungwa, inatiwa kwenye mfuko pamoja na msasa na brashi, na fundi anapanda bodaboda.

Hapo ndipo penye tatizo. Tanzania ina sheria ya kusimamia na kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani tangu mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Kusini hapa hapa Mtwara, ndiyo inayosajili wadau na kutoa vibali vya kuingiza. Kwa hiyo pipa likitoka bandarini lina karatasi zake: jina la kemikali, namba ya kimataifa 1789, alama ya daraja la 8 inayoonyesha kimiminika kikila mkono na chuma. Karatasi hizo zinafuata pipa hadi kwa muuzaji wa jumla, na zinakoma pale asidi inapomiminwa. Kuanzia hapo kemikali haina jina, haina kipimo cha ukali, haina onyo, na imevaa sura ya kitu kinachonywewa.

Tindikali ilipotikisa nchi kwa mara ya mwisho ilikuwa kwa sababu ya uhalifu. Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza walimwagiwa usoni Zanzibar, na kabla na baada yao walikuwepo viongozi wa dini na wafanyabiashara wetu wenyewe waliomwagiwa. Mjadala ukawa nani anainunua na kwa nia gani. Ulikuwa mjadala wa haki kabisa. Ila ulituachia mazoea ya kuiogopa asidi iliyo mkononi mwa mtu mbaya tu, na kumsahau mama anayefika jikoni jioni, akakuta chupa ya maji kwenye kona, na mtoto ana kiu.

Mafundi wanasingiziwa kuwa hawajali. Ninavyowaona, wana hoja zao. Fundi huipima asidi kwa moshi. Akifungua kifuniko ukatoka ukungu mweupe, anaridhika kwamba hakuibiwa. Isipotoa moshi anasema imechanganywa maji. Kwa akili ya soko hoja hiyo ina mantiki, maana uchakachuaji upo. Kwa kemia imepinda. Ule moshi ni gesi ya asidi inayokimbia na kunasa unyevu wa hewani, nasi ukanda wa pwani unyevu tumejaliwa. Sehemu ile haifanyi kazi yoyote kwenye sakafu. Inaingia puani.

Kazi yenyewe sakafuni ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Saruji iliyoganda ina chokaa, asidi hula chokaa, na povu unaloliona ni kaboni dioksidi ikitoka. Lita moja ya asidi ya asilimia 37 inaweza kumaliza gramu 600 hivi za chokaa. Utando mwembamba uliobaki juu ya marumaru za chumba kimoja haufiki hapo. Asidi inayobaki hailali bure: inageukia viungo kati ya marumaru, ambavyo navyo ni saruji, na mwaka ujao mwenye nyumba anamlaumu fundi kwamba sakafu inaachia. Inatia doa bomba la kroma, inachubua fremu za aluminiamu, na terazo inapoteza mng'ao usiorudi. Kwenye nyumba za kale za Mikindani, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, asidi haina la kusafisha. Ukuta mzima ndicho chakula chake.

Asidi ya asilimia 10 inatosha. Hiyo unaipata kwa kuchukua sehemu moja ya ile kali na kuiongeza kwenye sehemu tatu za maji, na kwa doa jepesi hata moja kwa kumi inafaa. Sakafu ilowanishwe kwanza ili viungo vishibe maji, asidi ipakwe, iachwe dakika chache, kisha iondolewe kwa maji mengi. Kwa kiwango hicho mvuke karibu haupo. Asidi ndiyo inayofuata maji kwenye ndoo, kidogo kidogo, na ndoo iwe ya plastiki. Ukimwaga maji juu ya asidi, joto la kuchanganyika huchemsha tabaka la juu na kurusha matone usoni. Nikiri kwamba hii ya haidrokloriki ni mpole kwa jambo hilo kuliko maji ya betri, lakini fundi aliyezoea mpangilio mmoja hatalazimika kukumbuka ni chupa ipi anayoishika siku hiyo. Sufuria ya aluminiamu isikaribie kabisa: asidi inaichemkia na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche.

Sasa nani azimue? Jibu la haraka ni muuzaji wa duka, nami silikubali, kwa sababu tutakuwa tumemwongezea kazi hatari yule yule anayezuia pumzi. Kazi hiyo ni ya wauzaji wa jumla, ambao tayari wanatakiwa kuwa na usajili na kuwa na mtu mwenye mafunzo. Wazimue wao, wafunge kwenye chupa ngumu ya rangi moja isiyofanana na ya kinywaji, kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, maelezo ya Kiswahili kwa herufi za kusomeka. Duka la rejareja lipokee chupa zilizofungwa na kuuza zilizofungwa. Kile kikali kibaki kwa viwanda na maabara.

Gharama itapanda. Kusafirisha asidi ya asilimia 10 ni kulipia nauli ya maji, hilo halina ubishi, na ndiyo maana kuzimua kufanyike huku Kusini badala ya Dar es Salaam. Bado chupa mpya yenye lebo haitashindana na chupa ya kuokota. Halmashauri ndizo zenye kushika mpini hapa, kupitia leseni ya biashara. Afisa afya akipita dukani anauliza choo na vifaa vya zimamoto. Akiuliza na dumu liko wapi, zoezi halimgharimu dakika mbili.

Kuna tabia nyingine ya majumbani isiyosubiri sheria. Choo kimeshika ukoko, mtu anamwaga asidi, haijamridhisha, anaongeza JIK. Maji hayo ya kung'arishia nguo yakikutana na asidi hutoa klorini papo hapo, gesi ileile iliyofunguliwa dhidi ya askari karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo haipandi kwenye kijidirisha cha juu. Inabaki chini, pale mtu alipoinama anasugua. Na wanaomwaga asidi kwenye karo la maji taka ili "lifunguke" wanachokoza gesi ya salfaidi iliyolala kwenye uchafu, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi inaua hisia ya kunusa kabla ya kumwangusha mtu.

Nije kwenye maji, maana hapa ndipo maelekezo ya usalama yaliyoandikwa kwingine yanapogongana na Kusini. Kila karatasi ya asidi inasema: ikimwagika mwilini, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Aliyeandika alikuwa na bomba mbele yake. Nenda Newala au Tandahimba, juu ya nyanda za Makonde, ambako maji yameandamwa na uhaba miaka nenda rudi na ndoo ina bei yake. Fundi anayesafisha sakafu huko anaambiwa atiririshe maji dakika 15. Kutoka wapi?

Hesabu inasaidia. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka kituo cha kuoshea macho kitoe angalau lita moja na nusu kwa dakika, kwa dakika 15. Hiyo ni lita 22 na nusu: ndoo moja ya kawaida na kata chache juu yake. Kumbe jicho linaweza kuokolewa na ndoo iliyotangulia kujazwa, maji safi, mtu mmoja akishikilia kope na mwingine akimimina polepole kwa kata. Mwili mzima ni habari nyingine. Viwango hivyohivyo vinataka bafu la dharura litoe lita 75 hivi kwa dakika, na ukizidisha kwa 15 unavuka lita 1,100. Hakuna fundi wa Tandahimba mwenye akiba hiyo. Kwa hiyo mahali pasipo na bomba wala tangi, asidi kali haifai kufunguliwa, na ile iliyozimuliwa isifunguliwe kabla ndoo mbili hazijakaa pembeni zimejaa.

Nguo iliyolowa asidi ivuliwe huku maji yanamwagwa, aibu itafutwe baadaye. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Usimimine magadi juu ya ngozi ukidhani unaipoza, kwa kuwa asidi na magadi vinapokutana vinatoa joto, nalo linatua kwenye kidonda. Magadi na chokaa kazi yake ni sakafuni, kwenye asidi iliyomwagika, na huko vinafaa sana. Nyunyiza kuanzia pembezoni ukielekea katikati, milango wazi. Aliyekunywa asitapishwe. Koo limeungua mara moja wakati wa kushuka, likiungua tena wakati wa kupanda madhara ni maradufu. Asukutue kinywa na akimbizwe hospitali na chupa yenyewe, hata kama haina lebo. Yale maziwa tunayoyakimbilia kwa kila sumu hayamwokoi mtu huyu. Akilazimishwa kunywa mengi atayatapika, na muda uliotumika kuyatafuta haurudi. Hata anayeonekana amepona anaweza kurudi baada ya wiki kadhaa chakula hakipiti, koo limesinyaa kwa kovu.

Kusini si wageni wa kimiminika kinachounguza. Wabanguaji wa korosho, wengi wao wanawake, wanaijua kazi ya mafuta ya ganda tangu utotoni: hupaka mafuta au majivu mikononi kabla ya kugusa ganda, na binti hujifunza kwa kumtazama mama. Hakuna aliyehitaji semina. Tatizo ni kwamba ujuzi huo hauhamishiki. Mafuta mkononi hayazuii asidi ya haidrokloriki, yanampa mtu ujasiri tu. Asidi imeingia mitaani kama bidhaa iliyoachwa na wazazi wake njiani: haina bibi aliyeishika kabla yetu, na yule aliyepaswa kutuambia, yaani lebo, alibaki kwenye pipa.

Watu wakisikia asidi ya viwandani Kusini wanafikiria gesi. Mnazi Bay iligunduliwa 1982, Songo Songo 1974, na vijiweni utaambiwa visima vile vinakunywa asidi kwa malori. Ni kweli kwamba duniani asidi ya haidrokloriki, mara nyingi ya asilimia 15, hushindiliwa visimani ili kula chokaa na kufungua njia ya mafuta au gesi. Lakini mbinu hiyo inang'ara kwenye miamba ya chokaa. Gesi yetu imekaa kwenye miamba ya mchanga, ambayo asidi hii peke yake haiigusi. Matumizi yake kwenye mawe ya aina hiyo ni ya kusafisha ukoko na kutangulia asidi nyingine. Kwenye viwanda vya saruji nako, ukiacha maabara inayopima ubora na usafishaji wa mitambo ya maji, asidi si mali ghafi. Viwanda hivi vikubwa, kwa tathmini yangu, si chanzo kikuu cha mashaka. Vina wakaguzi, vina mabafu ya dharura, vina watu wanaolipwa kuogopa.

Vilevile kuna wanaouliza kwa nini tusiitengeneze wenyewe, wakati mashamba ya chumvi yapo Kilwa, Lindi na Mikindani. Inawezekana: umeme hupitishwa kwenye maji ya chumvi, hutoka klorini na hidrojeni, zikiunguzwa pamoja na gesi yake ikinyweshwa maji unapata asidi safi. Ila tani moja ya klorini inakula zaidi ya uniti 2,000 za umeme, na usipokuwa na mnunuzi wa magadi makali yanayotoka pamoja nayo, kiwanda hakisimami. Tuliache hilo.

Jambo zito linakuja kutoka Ruangwa. Kinywe, yaani grafiti, kinachochimbwa Lindi kikitoka kwenye mtambo wa kuchenjua ni makinikia. Ili kiingie kwenye betri za magari ya umeme kinahitaji usafi wa asilimia 99.95 hivi, na sehemu kubwa ya usafishaji huo leo hufanyika China. Njia iliyozoeleka ni kukiloweka kwenye asidi, haidrokloriki ikiwa mojawapo na haidrofloriki, ambayo ni kali na ya hila zaidi, ikiwa nyingine. Tangu sheria za 2017 msimamo wa nchi ni kwamba madini yaongezewe thamani hapahapa. Naunga mkono. Ila tuelewane tunachoomba. Tukidai kinywe kisafishwe Lindi, tunadai na matangi ya asidi, na malori ya asidi kwenye barabara ya Kilwa, barabara ambayo Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, ilikatika na magari yakakwama njiani. Siku asidi itakapokuwa kwenye foleni ile, juani, dereva atahitaji kujua mengi kuliko namna ya kubadili tairi. Tangi lake liwe limevikwa mpira au plastiki ndani, kwa sababu chuma kitupu hakikai na asidi hii, na hata chuma cha pua kinatobolewa.

Na huko viwandani nako penye wasiwasi zaidi ni palepale pa dukani: pa kumimina. Asidi iliyotulia ndani ya tangi zuri haina ugomvi na mtu. Inapohamishwa, kutoka lori kwenda tangi, kutoka tangi kwenda mtambo, ndipo mpira hupasuka, kiungio hulegea, na mtu huwa amesimama karibu.

Mikutano ya kuwashirikisha wananchi kabla ya miradi mikubwa huwa inatawaliwa na fidia ya mikorosho na ajira za vijana, na siwalaumu wanaouliza hayo, mkorosho ni pensheni ya mtu. Mzee wa kijiji akipewa kipaza sauti aongeze maswali mengine. Matangi yatakuwa ya lita ngapi? Ukuta wa kuyazunguka utabeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote, kama inavyotakiwa na desturi njema ya viwanda, au ni matofali mawili ya kuonyesha wakaguzi? Maji ya kuoshea kinywe yatapunguzwa ukali kwa chokaa wapi kabla ya kuachiwa bondeni? Zahanati ya kijiji imeshapewa dawa ya kalsiamu kwa ajili ya asidi ile nyingine, ya haidrofloriki? Na zamu ya usiku, atakayeshika mpira wa kujazia ni nani, amefundishwa na nani, na maji yapo hatua ngapi kutoka anaposimama?